Maswali ya Wasomaji: Kurudi Darasani Ukiwa Mtu Mzima

Barua zinazotufikia kuhusu elimu ya watu wazima zimeongezeka kiasi kwamba safari hii tumeiachia mada hiyo ukurasa mzima. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na barua ndefu tumezifupisha bila kugusa kiini chake.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 35, na ninashona nguo hapa Muheza. Nilimaliza darasa la saba nikafaulu, lakini baba alifariki mwaka ule ule na hapakuwa na mtu wa kuninunulia sare. Sasa mwanangu wa kwanza yuko kidato cha pili, na nikifungua madaftari yake naona mengine ninayaelewa. Wapo wanaoniambia nianze na MEMKWA, na wapo wanaosema nifanye QT. Nianzie wapi, itanichukua miaka mingapi, na Kiingereza nitakiwezaje ilhali nilisoma kwa Kiswahili? – Mshonaji, Muheza

Marahaba mama. MEMKWA tuiweke kando mapema, kwa sababu wengi huichanganya na njia unayoitafuta wewe. Mpango huo wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa ulianza kwa majaribio mwaka 1999 kwa ajili ya watoto na vijana ambao hawakuingia shule ya msingi au walitoka kabla ya kumaliza. Wewe ulimaliza darasa la saba, kwa hiyo hakuna sababu ya kukurudisha huko.

Njia yako ina mitihani miwili. Wa kwanza ni Mtihani wa Maarifa, ambao kila mtu anauita QT, unaotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa mtu ambaye hakupitia kidato cha kwanza na cha pili shuleni, na kiwango chake ni kile kile cha mtihani wa kidato cha pili. Ukiufaulu unaruhusiwa kujisajili kwa mtihani wa pili, yaani wa kidato cha nne, ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anayejipanga vizuri hutumia miaka miwili: mwaka wa kwanza anasoma mambo ya kidato cha kwanza na cha pili na kufanya QT mwezi Novemba, na mwaka wa pili anasoma ya kidato cha tatu na cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imeupanga mpango wake wa sekondari kwa mtindo huo huo, ikiita mwaka wa kwanza Hatua ya Kwanza na wa pili Hatua ya Pili, nayo ina vituo mikoani. Kwako kituo cha mkoa kiko Tanga mjini, lakini kabla ya kupanda basi nenda kwanza ofisi ya elimu ya halmashauri yako ukamwulize Afisa Elimu ya Watu Wazima ni vituo gani vya jioni vilivyosajiliwa Muheza na jirani.

Usajili wa mitihani yote miwili kwa kawaida hufunguliwa mwanzoni mwa Januari na kufungwa mwishoni mwa Februari, na anayechelewa husajiliwa kwa faini mwezi Machi. Katika miaka ya karibuni ada ya Baraza imekuwa shilingi 30,000 kwa QT na shilingi 50,000 kwa kidato cha nne, mbali na ada ya kituo unachosomea. Soma tangazo la mwaka wako kabla ya kulipa, kwa kuwa viwango hubadilishwa. Matokeo ya QT hutangazwa pamoja na ya kidato cha nne mwezi Januari, kwa hiyo aliyefaulu ana wiki chache tu za kujisajili kwa hatua inayofuata, na wapo wanaopoteza mwaka mzima kwa kudhani kwamba wana muda. Wewe ni mshonaji, na Januari ndio mwezi wa sare. Kazi itakuwa imekuelemea, ila fedha nayo itakuwa inapita mkononi. Toa ada ya usajili kwenye sare za wiki ya kwanza, kabla haijaingia kwenye vitambaa vya wiki ya pili.

Sasa Kiingereza. Hapa sitakuficha, kwa maana hili ndilo linalowaangusha watu wazima wengi wenye akili timamu na bidii. Shule ya msingi ya serikali uliyosoma ilifundisha kwa Kiswahili, sekondari inafundisha na kutahini kwa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe na mengine machache, na hakuna aliyemwandalia mtu mzima daraja la kuvukia kati ya lugha hizo mbili. Mtoto wa kidato cha kwanza hupewa angalau wiki za mwanzo za kuzoeshwa lugha. Mtu mzima wa kituo cha jioni huingia moja kwa moja kwenye seli ya mmea na mwenendo wa mvua, na mwalimu ana saa moja na nusu kabla umeme haujakatika au mwanafunzi hajaitwa nyumbani. Nimewaona akina mama wanaojua mzunguko wa damu kuliko wanangu, kwa sababu wamezaa na wameuguza, lakini wakapata sifuri kwenye Baiolojia kwa kuwa walijibu swali ambalo halikuulizwa: mtihani ulitaka walinganishe vitu viwili, wao wakavieleza kimoja kimoja.

Kwa hiyo ningekushauri uanze na Kiingereza miezi mitatu au minne kabla ya kujiandikisha kituoni, na ukianze kwa upande wa mtihani. Chukua karatasi za QT za miaka iliyopita, na katika kila swali tafuta kitenzi kinachotoa amri, kile kinachokutaka utaje, ueleze, utofautishe au utoe sababu. Vitenzi hivyo havifiki ishirini, na vinarudi kila mwaka katika kila somo. Viandike kwenye daftari pamoja na maana zake za Kiswahili, kisha uvifanyie mazoezi mpaka uvitambue bila kufikiri. Baada ya hapo jifunze istilahi za somo moja moja, ukianza na lile unalolijua maishani. Hesabu zina nafuu yake, kwani tarakimu ni zile zile na fundi anayepima kiuno, kugawa kwa nne na kuongeza upana wa mshono tayari anatumia sehemu na uwiano kila siku.

Madaftari ya mwanao ni hazina, ila uliza kwanza kama muhtasari haujabadilika. Serikali imeanza kutumia mitaala mipya baada ya kutolewa kwa toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, na vitabu vya zamani bado vinauzwa kwa bei ya chini pale pale sokoni.

Neno la mwisho ni juu ya unachokitaka. Katika kidato cha nne D huanzia alama 30 na C huanzia 45, na vyuo vingi vya ngazi ya astashahada hudai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Iwapo unatafuta chuo, chagua masomo kwa kuangalia chuo hicho kinataka nini, hasa kama ni cha afya, ambacho kitadai masomo ya sayansi. Iwapo unachotafuta ni karatasi ya kuthibitisha kwamba wewe ni fundi ili upate zabuni ya kushona sare za shule, huhitaji kidato cha nne hata kidogo: waulize VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza kazini hupimwa na kupewa cheti cha ujuzi alionao. Hakuna kinachokuzuia kufanya yote mawili, lakini usianze yote mawili Januari moja.

Mwalimu, mimi ni dereva wa lori, nina miaka 41, na makazi yangu ni Makambako. QT nilifaulu. Mwaka jana nililipa kituo kimoja cha jioni fedha taslimu za masomo na za usajili wa kidato cha nne, lakini ilipofika Oktoba nikaambiwa jina langu halimo kwenye orodha ya watahiniwa, na fedha sijarudishiwa. Nataka kuomba udereva serikalini. Shemeji yangu ananiambia nisihangaike, nitumie cheti cha marehemu kaka yake, tulifanana umri. Unasemaje? – Dereva, Makambako

Bwana dereva, cheti cha marehemu kirudishe kilikotoka. Tangu tarehe 20 Mei 2004 sifa ya chini ya kuajiriwa katika utumishi wa umma imekuwa kidato cha nne, na kwa miaka kadhaa watu waliziba pengo hilo kwa vyeti vya ndugu na vya kughushi. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alipokea orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi kwa muda mrefu, na walikuwa na mikopo, watoto shuleni na nyumba zilizofika kwenye lenta. Na hata usipokamatwa, ukikitumia cheti hicho itakubidi uitwe kwa jina la mtu mwingine mpaka siku ya kustaafu, huku kitambulisho chako cha taifa kikisema jambo jingine.

Kuhusu kituo kilichokula fedha zako, nimepokea masimulizi ya namna hiyo kutoka zaidi ya mkoa mmoja, na yote yanafanana mahali pamoja: mwanafunzi alimkabidhi mtu fedha taslimu na hakuona karatasi yoyote yenye jina lake. Ada ya mtihani hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba, na namba hiyo hutolewa kwa jina la mtahiniwa. Mwambie mkuu wa kituo akupatie namba hiyo, ulipe mwenyewe kwa simu yako, uhifadhi ujumbe wa malipo, kisha udai nakala ya fomu ya usajili yenye picha yako na namba ya mtahiniwa. Namba ya mtahiniwa wa kujitegemea hutanguliwa na herufi P, ya mwanafunzi wa shule hutanguliwa na S. Kagua tahajia ya jina herufi kwa herufi ukilinganisha na cheti cha darasa la saba na cheti cha kuzaliwa. Herufi moja inayopishana leo itakupeleka kwa wakili kula kiapo kesho. Yote hayo yakamilike Februari. Fedha za mwaka jana zidai kwa maandishi, na nakala mpelekee Afisa Elimu wa halmashauri, kwa kuwa kituo kisipolalamikiwa kitaendelea kupokea watu.

Umeuliza pia, katika sehemu ya barua tuliyoikata, kama dereva anayelala njiani anaweza kusoma. Anaweza, lakini si kwa ratiba ya kituo cha jioni. Chukua moduli za elimu masafa, sikiliza masomo yaliyorekodiwa kwenye simu unapokuwa umesimama, na uitumie foleni ya Tunduma ambayo sisi wengine tunaisikia kwenye habari tu. Mtahiniwa wa kujitegemea hana alama za maendeleo za kumbeba, anahukumiwa kwa mtihani peke yake, kwa hiyo mwajiri wako umwombe likizo ya wiki za mitihani sasa, asije akakutuma Lubumbashi siku ya Jiografia.

Binti yangu ana miaka 17. Alipata ujauzito akiwa kidato cha pili akaachishwa shule, sasa mtoto ana miezi minane. Baba yake anasema shule haimpokei tena na kwamba aolewe. Je, ni kweli? – Mama, Geita

Mama, hiyo ilikuwa kweli zamani na sasa si kweli. Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaeleza utaratibu. Nenda na binti kwa mkuu wa shule aliyotoka, na akisitasita nenda kwa Afisa Elimu Sekondari wa wilaya. Utaje waraka kwa namba yake. Binti anaweza pia kuhamia shule nyingine ambako hajulikani, jambo ambalo wengi hulipendelea, na sielewi kwa nini walimu huwashawishi vinginevyo.

Endapo hataki kabisa kuvaa sare tena, iko njia ya pili. Mradi wa SEQUIP, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliweka mpango wa wasichana walioacha sekondari kusoma kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima bila kulipa ada. Uliza katika kituo cha mkoa wenu nafasi zilizopo kwa mwaka ujao. Swali zito zaidi ni nani atabaki na mtoto saa za masomo, na hilo halina waraka. Bibi yake ni wewe. Ukikubali kumlea mchana, binti atasoma. Ukishindwa, njia zote mbili nilizokueleza zitabaki maneno matupu. Baba naye mwambie kwamba kumwoza hakumfutii binti haki ya kurudi shuleni, ila humwongezea mtu mwingine wa kumwomba ruhusa.

Salamu Mwalimu. Mimi ni Mkongomani wa Uvira. Nilikimbilia Tanzania nikakaa kambi ya Nyarugusu, na sasa niko Louisville, Kentucky, nafanya kazi ya usiku ghalani. Kambini nilifika mwaka wa nne wa sekondari. Hapa kila kazi nzuri wanataka GED. Rafiki alinionyesha kwenye intaneti shule inayotoa cheti kwa wiki mbili ukilipa dola mia tatu. Ni ya kweli? – Mama Furaha

Mama Furaha, cheti cha wiki mbili usikinunue. GED ni mtihani, na hakuna anayeuza matokeo yake. Ulianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari wa Marekani waliokwenda vitani kabla ya kumaliza sekondari, na mpaka leo ndio unaojulikana zaidi kati ya mitihani inayompa mtu mzima cheti kinacholingana na cha sekondari. Yapo majimbo yanayotumia pia mtihani uitwao HiSET.

Masomo ni manne: hisabati kwa dakika 115, lugha kwa dakika 150 pamoja na insha, sayansi kwa dakika 90, na maarifa ya jamii kwa dakika 70. Alama hutolewa kati ya 100 na 200, na kila somo lazima lifikie 145. Huna haja ya kuyafanya yote siku moja. Fanya moja ukiwa tayari, pumzika, rudi kwa jingine. Anayefanya kazi ya usiku ningemshauri aanze na hisabati, kwa sababu ndiyo inayodai Kiingereza kidogo zaidi, na ushindi wa kwanza humpa mtu nguvu ya miezi inayofuata. Lakini tahadhari: ninyi mliosoma kwa utaratibu wa Kifaransa, ambao shule za Wakongomani pale Nyarugusu ziliufuata, mliandika desimali kwa mkato. Marekani desimali ni nukta, na mkato hutenganisha maelfu. Nimesikia mtu aliyefahamu hesabu zote akiangushwa na alama hiyo moja. Inchi, futi na ratili nazo utazikuta, basi zizoee mapema.

Mtihani hutolewa kwa Kiingereza na Kihispania, Kifaransa hakimo wala Kiswahili. Kwa sababu hiyo watu wengi wa kwetu hupita kwanza madarasa ya Kiingereza, na wengine huona aibu kuwekwa ngazi ya chini baada ya kuwa walimu kambini. Ngazi hiyo inapima Kiingereza chako, haipimi kichwa chako. Madarasa ya watu wazima nchini Marekani, ya lugha na ya maandalizi ya GED, hupata fedha za serikali kuu chini ya sheria ya mwaka 2014 ya nguvukazi, na sehemu nyingi mwanafunzi hasomi kwa malipo. Uliza kwenye maktaba ya mtaa wako, kwenye chuo cha jamii, au kwa shirika lililokupokea mlipofika. Uliza pia kama jimbo hulipia ada ya mtihani, kwa kuwa baadhi ya majimbo hufanya hivyo. Katika maarifa ya jamii nusu ya maswali ni juu ya uraia na serikali ya Marekani, na wale wanaojiandaa kwa usaili wa uraia wataona kwamba sehemu ya kazi wameshaifanya.

Kwa wasomaji wengine wa Kongo walioko huko: kama ulimaliza na kufaulu mtihani wa taifa wa mwaka wa sita, tafuta kwanza diploma yako na uipeleke ikatathminiwe. Nimekutana na watu walioketi darasani mwaka mzima wakitafuta kitu walichokuwa nacho tayari kwenye sanduku.

Nina miaka 51. Je, sijachelewa? – Msomaji, Mombasa

Marehemu Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali ya Kenya kufuta karo za shule za msingi mwaka uliotangulia. Una miaka 33 ya kumkuta. Ukiwa hapo Mombasa, nenda ofisi ya elimu ya watu wazima ya kaunti, ile ambayo wazee wa Pwani bado wanaiita ya ngumbaru, ukaulize kuhusu watahiniwa wa kibinafsi wa mtihani wa kidato cha nne.

Mwalimu mwenzangu, mimi ni mstaafu, niliingia kazini mwaka 1977 katika kundi la walimu wa UPE, ule mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Hapa kijijini kwetu Rufiji wako watu kama thelathini, wengi wao wanawake, ambao wanataka kusoma. Wengine hawajui kuandika majina yao na wengine walimaliza la saba. Zamani serikali ilituletea vitabu, taa na redio. Leo nianzeje bila hivyo? – Mwalimu mstaafu, Rufiji

Shikamoo mzee wangu. Wewe ndiye ungepaswa kuniandikia mimi majibu, maana ulikuwepo. Vijana wanaosoma ukurasa huu hawajui kwamba Mwalimu Nyerere, katika hotuba ya kufunga mwaka 1969, aliutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na kwamba mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vilivyosikiliza redio, vikajadiliana, kisha vikatoka na kuchimba vyoo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipata sheria yake mwaka 1975. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa chini ya asilimia 10. Sensa ya 2012 ilikuta wanaojua ni takriban asilimia 78, yaani katika kila watu wazima tisa, wawili hawajui. Tulirudi nyuma, na tulirudi kwa sababu zinazoonekana: posho za walimu wa kisomo zilikauka, vitabu havikuchapwa tena, na elimu ya watu wazima ikawa mstari wa mwisho kwenye bajeti ya halmashauri. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia mwaka 2016, jambo jema, lakini ilifutwa kwa aliyevaa sare. Yule aliyekosa sare mwaka 1998 bado analipia kituo cha jioni kutoka mfukoni mwake, na kwa maoni yangu huyo ndiye aliyekuwa akidai deni la zamani zaidi.

Uanzeje? Usiwaweke thelathini wote katika darasa moja. Wasiojua kusoma waandikishe katika kundi la kisomo, ambalo halmashauri ina utaratibu wake chini ya MUKEJA, Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, unaochanganya kusoma na shughuli za kipato kama ufugaji au kuweka akiba. Waliomaliza la saba wafanye kundi la maandalizi ya QT. Hata wakiwa saba tu, wakubalie. Chumba ombeni shule ya msingi kuanzia saa kumi jioni, kwa barua iliyopitia kamati ya shule na Afisa Elimu Kata, na mweke rejista tangu siku ya kwanza, kwani ofisi ikija kutafuta kituo cha kusaidia itaanza na kile chenye majina na mahudhurio yaliyoandikwa.

Mwalimu wa Kiingereza na wa hesabu atahitajika, na hapo usitegemee kujitolea kwa muda mrefu. Kijana wa kidato cha sita anayesubiri kwenda chuo hufundisha vizuri miezi miwili kisha huondoka. Afadhali kila mwanafunzi atoe kiasi kidogo kila wiki mwalimu alipwe hata kama ni mchele, kuliko kumwita mzalendo mpaka achoke. Fedha za usajili zisikae kwa mtu mmoja, ukiwemo wewe mzee. Soma jibu nililompa dereva wa Makambako.

Kalenda yenu ipangwe na mto kabla ya kupangwa na Baraza. Masika maji yakijaa, na watu wakihamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu shambani, kuulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, darasa litabaki na watu watano, na wewe utadhani wamekata tamaa. Hawajakata tamaa, wako shambani. Wape kazi za kubeba, kurasa chache za kusoma na maswali kumi ya kujibu, na wapangie siku moja ya wiki, pengine Ijumaa wanaporudi kijijini, ya kusahihisha. Taa moja ya jua inawatosha watu sita kuzunguka meza, na karatasi za mitihani ya zamani zinapatikana kwa mwalimu mkuu yeyote wa sekondari ya kata atakayekubali kukuchapia nakala. Ukianza Julai, Januari mtakuwa na wangapi walio tayari kusajiliwa; tuandikie hesabu hiyo.